HOSPITALI YETU YA MPANDA, NA WANAOCHELEWA NYUMBANI



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya hospitali, kwani ni neema ambayo wengi wetu hatuijui thamani yake ila siku tunapobebwa kupelekwa huko.

Mji wetu ulikua kwa madini ya risasi, na reli ya kutoka Kaliua ikatufikia mwaka 1950. Wakati huo mambo yetu yalikwenda Tabora. Mwaka 1974 tukaunganishwa na Sumbawanga, ukawa Mkoa wa Rukwa. Na mgonjwa aliyeishinda hospitali ya wilaya akawa wa kupelekwa Sumbawanga, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, njia ikipita katika mbuga ya Katavi. Mwaka 2012 ukazaliwa Mkoa wa Katavi, Mpanda ikawa makao makuu, na leo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa tunayo hapa hapa. Yapokea wanaotumwa na zahanati na vituo vya afya vya Tanganyika, Mlele na Mpanda yenyewe. Na watu wameongezeka mno: hesabu ya mwaka 2012 ilikuwa 564,604, na ya mwaka 2022 ikawa 1,152,958.

Basi ikiwa hospitali imesogea, mbona wako wanaofika wamechelewa? Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita binti mmoja aliyesoma katika madrasa yetu alishikwa na uchungu usiku, na mumewe yuko shambani. Jamaa zake wakaja kututaka shauri. Tukawajibu, "Mngojeni mumewe, ndiye mwenye idhini." Mume alifika alfajiri. Huko hospitali mama aliokoka kwa damu iliyotolewa na watu asiowajua. Mtoto alizaliwa amekwisha kufa. Hapana aliyetulaumu, lakini kila tukutanapo na mama yule twainamisha macho. Miaka mingi tulikuwa tumefundisha adabu ya ruhusa, wala hatukufundisha kwamba dharura ina hukumu yake. Na wanazuoni wetu wamekwisha kulibainisha jambo hili zamani.

Ndugu zetu, Sura ya Al-Maida, aya ya 32, yatufahamisha kuwa kumwokoa mtu mmoja ni kama kuwaokoa watu wote. Na katika Vita vya Handaki, Saad bin Muadh alipojeruhiwa, Mtume (s.a.w.) aliamuru auguzwe katika hema la Rufaida, lililokuwa msikitini. Rufaida alikuwa mwanamke, na mgonjwa wake mwanamume. Basi atakayesema mkewe asiguswe na daktari mwanamume hata akifa, na aizingatie habari hii.

Kwa hiyo twawausia mambo matatu. La kwanza, mume na atoe idhini yake mapema, mbele ya mama mkwe na jirani, tangu mimba ingali changa. Na nauli iwekwe kando. Mzazi akivuja damu nyingi aweza kufa katika muda wa saa mbili, naye hawezi kumngoja mtu.

La pili, vijana wetu mliotimiza miaka 18, wenye afya na uzito usiopungua kilo 50, toeni damu. Mwanamume aweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Damu haitengenezwi kiwandani. Hutoka katika mishipa ya watu.

La tatu, enyi wazazi, msiwaharakishe mabinti. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa katika mkoa wetu, kwa kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito, nasi tukawa wa kwanza nchini. Mwili usiokomaa huchelewa kujifungua, na hatari yake ni kubwa.

Serikali imejenga majumba na kuleta waganga. Kufungua mlango wa nyumba usiku ni kazi yetu sisi. Mwenyezi Mungu atusamehe tulipokosea, na awahifadhi wazazi wetu.

Wabillahi tawfiq.