Masala tusage wenyewe
Vijana wenzangu, hii tabia ya kununua masala ya unga kwa kijiko hapa Masafu tuiache. Ikishasagwa hujui kuna nini ndani. Kule Bangladesh, mwaka 2019 watafiti walieleza jinsi manjano ilivyotiwa rangi yenye madini ya risasi ili ing'ae, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto. Mbegu nzima ni ngumu kuchakachua: unaiona, unainusa.

Kazi yenyewe ni rahisi. Jira vijiko 4, mbegu za dania 4, pilipili manga 1, karafuu 6, iliki 6, kijiti cha mdalasini. Kaanga bila mafuta, moto mdogo, mpaka inukie. Acha ipoe, twanga, chekecha, funga kwa chupa kavu.

Mtu atasema: mwezi wa 5, 2025, WFP ilitangaza wakimbizi milioni 1 Uganda wamekatiwa chakula, na wewe unaongea viungo? Ndiyo, kwa sababu hiyo hiyo. Maharage matupu kila siku yanachosha, mtoto anasukuma sahani. Kijiko kimoja cha masala, anakula. Na ladha ya jikoni kwa mama, iwe Bukavu ama Juba, haijawahi kuja kwa mgao. Hiyo ni juu yetu.