Kabureta si mchawi: Pikipiki ya mtumba ipimwe kwanza, skrubu baadaye

Pikipiki zinazokunywa petroli pamoja na oili zimewasaidia watu wengi vijijini kwa muda mrefu. Yamaha DT na AG100, ambazo nyingi zilianza maisha yake zikiwa mikononi mwa mabwana shamba, wamishenari na miradi ya maendeleo, bado zinauzwa na kununuliwa kwa mkono wa pili na wa tatu, ingawa barabara sasa zimejaa pikipiki za mipigo minne kutoka India na China. Mkulima huzipenda kwa kuwa ni nyepesi, injini yake haina mambo mengi, na mlima wenye tope hauzitishi.

Tatizo huanza wiki ya kwanza baada ya kununua. Pikipiki inapigwa kiki mara kumi ndipo iwake, inatoa moshi kama tanuri la mkaa, au inavuta vizuri kwenye tambarare na kuzimika mlimani. Mwenye mali anakimbilia kwa fundi chini ya mwembe. Fundi, kabla hata ya kuuliza swali moja, anachukua bisibisi na kuanza kukaza na kulegeza skrubu za kabureta. Ikitulia kwa siku mbili, anasifiwa. Ikirudi ilivyokuwa, inanunuliwa kabureta nyingine.

Utaratibu huu ni wa gharama kubwa na ni lazima uachwe. Kabureta kazi yake ni kupima petroli kulingana na hewa inayopita. Ikiwa hewa inaingia kwa njia isiyo halali, au petroli yenyewe haifiki sawasawa, kuichezea kabureta ni sawa na kurekebisha mzani wakati gunia limetoboka.

Yapo mambo ambayo mnunuzi anaweza kuyakagua bila kulipa hata senti. La kwanza ni chujio la hewa. Likiziba kwa vumbi, mafuta huzidi hewa na plagi hulowa na kuwa nyeusi. Likiondolewa kabisa, kama baadhi wanavyofanya ili pikipiki "ipumue", hewa huzidi mafuta na vumbi huingia moja kwa moja kuila silinda. La pili ni kifuniko cha tangi. Kitundu chake cha hewa kikiziba, pikipiki huzimika baada ya mwendo fulani, kisha huwaka tena kifuniko kikifunguliwa. La tatu ni oili. Pikipiki nyingi za aina hii zilitengenezwa zikiwa na pampu ya oili na tangi lake la pembeni. Kama pampu bado inafanya kazi na mwenye pikipiki anachanganya oili tena ndani ya petroli, oili inakuwa nyingi kupita kiasi na moshi hautaisha hata kabureta ibadilishwe mara tatu. Kama pampu imeondolewa, basi kuchanganya ni lazima, na kwa kipimo. Kipimo cha 40 kwa 1 maana yake ni mililita 125 za oili katika lita 5 za petroli, si "kizibo kimoja na kidogo".

Hapa kuna imani nyingine inayowatia watu hasara. Wengi huongeza oili wakidhani wanaikinga injini isinoki. Wanasahau kuwa katika kila tone linalopita kwenye jeti, oili ikiongezeka petroli hupungua. Hewa inazidi mafuta na injini inapata joto zaidi.

La nne, ambalo mafundi wengi hulikwepa kwa sababu lina kazi, ni hewa inayopenya kando. Hupita kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini ukipasuka, kwenye gasketi, au kwenye sili za krenki zilizochakaa. Dalili yake ni injini kupanda resi yenyewe, au kuchelewa kushuka ekseli inapoachiwa. Maji kidogo yakinyunyizwa kwenye maungio wakati injini inaunguruma na mlio ukabadilika, tundu limepatikana. Sili ya upande wa giaboksi ikifa, oili ya giaboksi hupungua bila kuvuja chini, na bomba hutoa moshi mweupe usiokwisha. Hakuna skrubu inayotibu ugonjwa huo.

Baada ya hayo yote kuwa sawa, na mgandamizo wa silinda ukiwa mzuri, ndipo zamu ya kabureta inafika. Nayo ina utaratibu. Injini inapokuwa katika silensa hadi robo ya ekseli, inayotawala ni jeti ndogo na skrubu ya hewa. Katikati ni sindano. Kuanzia nusu hadi mwisho ni jeti kubwa. Kwa hiyo anayelalamika kwamba pikipiki inakosa nguvu mlimani ekseli ikiwa mwisho, kisha fundi wake akazungusha skrubu ya hewa, wote wawili wanapoteza muda.

Skrubu ya hewa hutafutwa injini ikiwa ya moto, pale inapounguruma vizuri zaidi. Kwa kawaida mahali hapo huwa kati ya mzunguko mmoja na miwili na nusu kutoka ilipokazwa mwisho. Ikilazimika kukazwa karibu yote, jeti ndogo ni ndogo mno au imeziba. Ikilazimika kulegezwa zaidi ya hapo, jeti hiyo ni kubwa mno. Klipu ya sindano ikishushwa pengo moja, sindano hupanda na mafuta huongezeka. Ikipandishwa, mafuta hupungua. Kila badiliko lifanyike moja moja, kisha plagi ifunguliwe na kusomwa. Rangi ya kahawia inaridhisha, nyeusi yenye unyevu ni mafuta mengi, na nyeupe ni hatari.

Hatari hiyo inawahusu hasa wafanyabiashara wa pikipiki wanaonunua nyanda za juu na kuuza pwani. Hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Pikipiki iliyopunguziwa mafuta ili ivute vizuri Mbeya, mji ulio takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ikishushwa Dar es Salaam hukutana na hewa nzito huku petroli ikiwa ileile kidogo. Pistoni hunoki, na mnunuzi hudai ametapeliwa. Iliyotengenezwa pwani ikipandishwa Mbeya hainoki, ila inakula mafuta na kukosa nguvu.

Kwa upande wa mfuko, hesabu ni rahisi. Chukua mfano wa mchuuzi wa mboga anayetembea kilometa 1,200 kwa mwezi. Pikipiki ikila lita 4 kwa kilometa 100, atahitaji lita 48. Ikila lita 5 na nusu kwa sababu ya kabureta iliyovurugwa, atahitaji lita 66. Lita 18 zinateketea kila mwezi bila kubeba hata tenga moja la nyanya. Kosa la upande wa pili, yaani mafuta machache, huonekana kama kubana matumizi, lakini malipo yake ni pistoni, ringi na kuchonga silinda, tena kwa kawaida katikati ya msimu.

Somo hili haliishii kwenye pikipiki. Mashine za kupulizia salfa mikorosho huko Mtwara na Lindi nazo zina injini ya aina hiyohiyo, na hufanya kazi katikati ya vumbi. Mashine ikigoma wakati ubwiriunga umeshika maua, mkulima hasubiri spea kutoka mjini bila kupoteza korosho.

Kwa hiyo vyama vya msingi vya ushirika vingefanya vizuri kuwa na seti moja ya jeti, kipimo cha mgandamizo na chupa ya kupimia oili kwa matumizi ya wanachama wote, na kumlipia kijana mmoja wa kijiji mafunzo ya ufundi katika chuo cha VETA. Mnunuzi naye adai plagi ifunguliwe mbele yake kabla ya kutoa fedha, na aandike kwenye daftari namba za jeti na pengo la klipu alivyovikuta. Fundi atakayeanza na bisibisi kabla ya chujio, huyo aagwe kwa heshima.