Kwa Nini Dawa ya Pakanga Haipendi Maji

Mama mmoja wa kambini ameniuliza swali ambalo naona si lake peke yake. Asema jirani yake amepanda pakanga ya Kichina nyuma ya nyumba, na kila mtoto akishikwa na homa, majani hutiwa chunguni, yakachemshwa, mtoto akanyweshwa. Ikiwa dawa ya malaria ya hospitali hutokana na mmea uo huo, kwa nini tusijipikie wenyewe?

Jibu laanzia kwa askari. Tarehe 23 Mei 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri ulioitwa 523, kwa sababu malaria ilikuwa ikiwaangusha askari wa Vietnam ya Kaskazini porini. Bibi Tu Youyou, aliyekuwa mtaalamu katika mradi huo, aliijaribu pakanga, lakini leo ilifaa, kesho haikufaa. Ndipo alipoona katika kitabu cha tabibu wa kale, Ge Hong, kwamba majani yalilowekwa katika maji na kukamuliwa, hayakuchemshwa. Mwaka 1971 aliikamua dawa kwa etha, kioevu kinachochemka kwa joto dogo, akafanikiwa. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Dawa yenyewe, artemisinini, ni chembe nyeupe zifananazo na chumvi, walakini hazina tabia ya chumvi. Zitie katika bilauri ya maji, zitatuama chini. Tumboni mambo ni yale yale: isiyoyeyuka haipenyi kuingia damuni, hutoka kama ilivyoingia. Manjano ya jikoni nayo ni hivyo hivyo. Katika mafuta ya moto rangi yake huenea mara moja, katika maji hushuka chini kama tope.

Wataalamu wa siku hizi wamefuata akili ya kinu. Huzisaga fuwele za dawa hata kila kipande kiwe chini ya nanomita 1,000, hali unywele wa mtu una unene upatao nanomita 80,000. Faida yake yahesabika. Mchemraba wenye upande wa sentimita 1 una eneo la nje la sentimita 6 za mraba. Ukikatwa vipande vyenye upande wa nanomita 100, maeneo yake yote pamoja hufika mita 60 za mraba, yaani sakafu ya nyumba nzima. Maji hupata mahali pengi pa kushika, na dawa huyeyuka upesi. Taabu ni kwamba vipande hivyo hupenda kurudiana na kuwa bonge. Kwa hiyo husagwa majini kwa shanga ngumu, pamoja na kitu cha kuvitenganisha.

Marekani iliidhinisha kidonge cha kwanza cha namna hii mwaka 2000, kwa ajili ya watu waliopandikizwa figo, nacho hakikutokana na mmea. Kwa artemisinini, kazi ingali zaidi maabarani. Basi akija mtu getini kukuuzia unga wa pakanga "uliosagwa kisayansi", mwulize kinu chake ni cha namna gani.

Na chungu cha jirani? Maji hutoa dawa kidogo, na kiasi chake hakijulikani; kidogo hicho huua vijidudu dhaifu na kuwaachia wenye nguvu wazaane. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba haliungi mkono matumizi hayo. Nami naliogopa zaidi kwa kuwa ukinzani wa kiasi umekwisha kuthibitishwa Uganda, Rwanda, Tanzania na Eritrea.

Kwa sasa msaidizi wetu ni mafuta. Vidonge vya artemeta na lumefantrini vinywewe pamoja na chakula chenye mafuta, maziwa au karanga zilizosagwa, kwani mlo wa mafuta mengi umeonekana kuongeza lumefantrini iingiayo damuni hata mara 16. Vile vya kawaida, mtu mzima humeza 24 kwa siku 3, vinne kila mara, hata kama homa imeondoka siku ya pili. Mtoto akitapika kabla ya saa moja kwisha, arudishwe zahanati apewe dozi nyingine.