Nyekundu au nyeupe? Uliza chakula kwanza

Ukiketi katika mkahawa wa Kiitaliano, uwe wa Malindi au wa hapa jijini Nairobi, swali moja halikosi kuulizwa: divai nyekundu au nyeupe? Wengi wetu hukimbilia kutazama bei. Mwenye nazo huagiza ya ghali ili wenzake wamwone, naye mwenye mfuko mwembamba huagiza ya rahisi na kuomba asiulizwe zaidi. Waitaliano wenyewe hawaanzii hapo. Wao huuliza kwanza: leo tunakula nini?

Tuchukue mfano wa ngome ya Brolio, karibu na mji wa Siena katika jimbo la Toscana. Ukoo wa Ricasoli umekuwa na ngome hiyo tangu mwaka 1141, na hadi leo mizabibu yao imetanda katika vilima vya Chianti vinavyoizunguka. Divai yao nyekundu hutokana hasa na zabibu ziitwazo Sangiovese. Aidha wana nyeupe iitwayo Torricella, ambayo hutokana hasa na zabibu za Chardonnay.

Tofauti ya divai hizi mbili ni ganda. Maji ya zabibu nyingi, hata zile nyeusi, hayana rangi. Divai nyekundu huchachushwa pamoja na maganda na kokwa zake, ilhali ya nyeupe hukamuliwa kwanza na maganda yakawekwa kando. Maganda hayo hutoa rangi, na hutoa pia tanini, yaani ule ukakasi unaokausha ulimi.

Ukakasi huo unaujua hata kama hujaonja divai maishani mwako. Ni ule wa chai ya sturungi iliyokolea majani. Ukiitia maziwa hupoa, kwa kuwa tanini hushikana na protini ya maziwa badala ya kushikana na mate yako. Nyama nono nayo huifanyia divai nyekundu kazi hiyo hiyo.

Ndiyo sababu watu wa Toscana huinywa Chianti pamoja na bistecca, lile pande nene la nyama ya ng'ombe lenye mfupa, lililochomwa juu ya makaa na kutiwa chumvi. Hawaiachi hata wakila ribollita, supu ya maharagwe, mkate uliolala na mboga nyeusi ya majani ambayo ni ndugu wa sukuma wiki wetu. Jibini ngumu ya maziwa ya kondoo pia huelewana nayo.

Samaki ni jambo jingine. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo katika divai nyingi nyekundu ndiyo huzidisha ile shombo inayobaki kinywani baada ya kula vyakula vya baharini. Nyeupe huwa na uchachu unaofanya kazi ya ndimu juu ya samaki: hukata mafuta na kuamsha ladha. Samaki, kuku wa mchuzi mwepesi na tambi za mboga, hao ndio wenzake. Nyeupe hunywewa ikiwa baridi, lakini nyekundu haifai kugandishwa kwenye friji, kwa maana baridi huzidisha ukakasi.

Sasa sikiliza kisa cha Brolio, kwa sababu kina funzo. Mwenye ngome katika karne ya 19 alikuwa Bettino Ricasoli, aliyeitwa Baroni wa Chuma kwa ugumu wake, na aliyekuwa waziri mkuu wa Italia mara mbili, kuanzia 1861. Mwaka 1872 aliandika barua kueleza mchanganyiko wake. Sangiovese ilipe nguvu na harufu. Zabibu za Canaiolo zipunguze ukali. Zile nyeupe za Malvasia zitiwe katika divai ya kila siku, lakini ziachwe katika ile ya kuwekwa miaka.

Waliokuja baadaye walishika nusu ya maneno yake. Kanuni za mwaka 1967 ziliamuru zabibu nyeupe zitiwe katika kila Chianti, kuanzia asilimia 10 hadi 30. Divai nyingi zikawa nyepesi kama maji ya kuoshea glasi, na mbele ya nyama hazikuwa na la kusema. Ukoo wenyewe ulikuwa umekwisha kuiuza biashara kwa kampuni ya kigeni katika miaka ya 1970. Jina likabaki kwenye chupa, sifa ikaondoka.

Mwaka 1993 mjukuu wa ukoo huo, Francesco Ricasoli, aliirudisha kampuni mikononi mwao na kuanza kupanda mizabibu upya. Kuanzia mavuno ya 2006, zabibu nyeupe zilipigwa marufuku kabisa katika divai ya Chianti Classico. Hakika kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hata kizuri kikiachwa kitegemee jina tu, siku moja kitajitembeza nacho.

Basi usibabaishwe na picha ya ngome kwenye chupa wala na bei yake. Itazame sahani. Ikiwa divai haikukifanya chakula kiwe kitamu zaidi, imekula pesa zako bure.

Nanyi vijana, someni tu kwa sasa. Sheria yetu ya vileo ya mwaka 2010 iliharamisha kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Na nyinyi wakubwa mnaokunywa, kumbukeni kwamba katika meza ya Toscana chupa hufuata chakula, nayo hukoma chakula kinapokwisha.

Tukutane Jumapili ijayo.