MAONI: Inama sokoni, usikipite kitabu kikuukuu

Hebu nikuulize, msomaji: mara ya mwisho uliinama sokoni lini? Sizungumzii kuinamia jinzi au raba za mitumba. Nazungumzia ule mrundo wa vitabu ulioachwa pembeni mwa turubai, umejaa vumbi, hakuna anayeugusa.

Mimi niliinama Lodwar, siku moja ya jua kali, nikisubiri gari la Kakuma lijae. Kando ya nguo za watoto kulikuwa na katoni. Ndani yake nikapata kamusi isiyo na jalada, mwongozo wa kufuga nyuki, riwaya ya Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, na atlasi iliyopindapinda kwa joto. Nilipouliza bei, muuzaji alicheka. Akaniambia alikuwa anamngoja mama wa njugu aje kuchukua karatasi za kufungia. Nikatoa shilingi 50, nikaondoka na atlasi na Bwana Msa.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120, na Bwana Msa alinifupishia njia. Lakini utamu wenyewe ulikuwa kwenye atlasi. Nilipoifungua kwa marafiki zangu kambini, tulikusanyika kama watu wanaotazama mechi. Rafiki yangu wa Sudan Kusini alitafuta nchi yake, wapi! Nchi hiyo ilipata uhuru 2011, na atlasi ilijua Sudan moja tu. Mwenzake Mkongo akakuta kwao kunaitwa Zaire, jina alilozoea kulisikia kwa babake. Eritrea haikuwepo. Zimbabwe ilikuwa bado Rhodesia. Na kambi tuliyoketi ndani yake, iliyoanzishwa 1992, ilikuwa haijawaziwa na yeyote.

Kisha nikatafuta kwetu. Ziwa letu liliandikwa Rudolf! Jina hilo lilibandikwa 1888 na msafiri Teleki na mwenzake von Höhnel, kwa heshima ya mwana wa mfalme wa Austria ambaye hakuwahi hata kulitia machoni. Lilikuja kubadilishwa kuwa Turkana 1975, ilhali wazee wetu walikuwa na jina lao kabla ya mgeni huyo kukanyaga ufuo.

Kurasa za mwanzo zilikuwa zimechanika, kwa hivyo hatukujua kitabu kilichapishwa lini. Tukapiga hesabu. Jina la Zaire lilianza 1971, Rudolf likafutwa 1975. Basi atlasi hii lazima iwe ya miaka hiyo hiyo. Siku hiyo sisi wenyewe tukawa Bwana Msa.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Vitabu vya darasani tunavisoma ili tujibu maswali ya mtihani. Kitabu kilichopitwa na wakati hukulazimisha uulize maswali: nani alichora mpaka huu? Nani alitoa jina hili, na alimuuliza nani? Ukishaona kwamba kitabu kizito chenye jalada gumu kinaweza kupitwa hivyo, hutameza kila kitu unachokutana nacho kwenye simu.

Najua utasema, "Bana, watu wanahangaika na ukame, wewe unatuletea habari za atlasi?" Una haki. Wala simlaumu mama wa njugu, karatasi kwake ni biashara. Tena si kila kikuukuu ni dhahabu. Ukiokota kitabu cha tiba cha zamani, usijitibu nacho. Lakini shilingi 50 tunazitumia kwa bando la siku moja, na kufikia jioni limeisha.

Kinachoniuma ni kwamba vitabu hivi vinakwisha haraka. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023, na tangu hapo vitabu vingi vya 8-4-4 vimekosa mwenyewe. Stoo zikisafishwa, vingine huishia jikoni kuwashia moto, na vikongwe vilivyokuwa chini yake huteketea navyo. Ombi langu kwa walimu ni dogo: kabla ya kutupa, wekeni meza uwanjani, wanafunzi wachague wanavyotaka. Nawe muuzaji, tenga katoni moja ya vile vya ajabuajabu. Wateja tupo.

Atlasi sikurudi nayo Lodwar. Rafiki yangu wa Sudan Kusini aliomba abaki nayo, na nilipokuwa naaga alikuwa ameshashika kalamu, anachora mpaka wa nchi yake.

Kwa hivyo wiki hii ukipita sokoni, inama. Pangusa vumbi, fungua ukurasa wowote. Kisipokufurahisha, kirudishe. Kikikufurahisha, kinunue, ukimaliza mpe mwenzako.