Filamu Bubu Hazikuwa Bubu

Tumezoea kusikia kwamba sinema ilipata sauti mwaka 1927, ilipotoka The Jazz Singer huko Marekani. Japani inakanusha. Kumbi zake zilikuwa na benshi, msimulizi aliyesimama kando ya skrini akiigiza sauti za wahusika wote, bibi kizee na mtoto mchanga pia, huku wanamuziki wakimsindikiza. Watu walimfuata benshi wao kama wanavyomfuata mwigizaji. Kwa hiyo teknolojia mpya haikuleta sauti; iliitoa ukumbini na kuipeleka studio, mikononi mwa wachache. Benshi waligoma mwaka 1932, wakashindwa.

Wapo watakaosema watazamaji wenyewe ndio walioamua benshi waondoke. Sehemu ni kweli, maana sauti ya mashine ilivutia. Lakini mwongozaji Yasujiro Ozu aliendelea na filamu bubu, na tatu kati ya hizo zikawa chaguo la kwanza la jarida la filamu la Kinema Junpo mwaka 1932, 1933 na 1934. Ubora haukuwa tatizo. Gharama ya mishahara ya benshi ilichangia kuwaondoa. Leo msimulizi wa aina hiyo yupo katika vibanda vya video vya Dar es Salaam na Kampala, akizifasiri filamu za kigeni. Anastahili leseni na malipo, si kebehi.