Mzazi si Mfuko wa Ada

Kwa zaidi ya miaka arobaini wazazi wa China wamekuwa wakihangaika kuwapatia watoto wao lugha ya Kiingereza. Hangaiko hilo lina sababu. Mtihani wa kuingilia vyuo vikuu ulirejeshwa mwaka 1977, na katika sehemu nyingi za nchi hiyo lugha ya kigeni, ambayo aghalabu ni Kiingereza, ina alama 150 katika jumla ya alama 750, sawasawa na Kichina na hisabati. Mwaka 2001 Wizara ya Elimu iliagiza somo hilo lianze darasa la tatu la skuli za msingi. Zaidi ya hayo, kuanzia mwaka 1980 hadi mwisho wa mwaka 2015, familia nyingi ziliruhusiwa mtoto mmoja tu. Matumaini ya baba, mama, mababu na mabibi yakatwikwa kichwa kimoja kidogo.

Wafanyabiashara hawakuchelewa kuinusa hofu hiyo. Yalizuka madarasa ya ziada hata kwa watoto wa miaka mitatu na minne, na walimu walioko Marekani na Kanada wakaajiriwa kufundisha kwa njia ya intaneti. Mzazi aliyelipa alijiona ametimiza wajibu. Asiyekuwa na kitu alijiona amemdhulumu mwanawe. Mwezi wa Julai 2021 Serikali ya China iliingilia kati. Ilikataza kampuni kutafuta faida kwa masomo makuu ya skuli, ikakataza kuajiri walimu wageni walioko nje ya nchi, na ikapiga marufuku madarasa ya lugha za kigeni kwa watoto ambao hawajafikia umri wa skuli. Tarehe 1 Januari 2022 ikaanza kutumika sheria ya malezi ya nyumbani, inayowataka wazazi wampangie mtoto vyema wakati wa kusoma, wa kupumzika na wa kucheza.

Basi mzigo umerudi nyumbani, na swali ndilo hili: mzazi asiyejua Kiingereza atamsaidiaje mwanawe?

Sisi twasema anaweza mengi. Mwaka 2003 mtaalamu Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto wachanga wa Kimarekani. Watoto wa kundi moja walikaa na wasemaji wa Kichina mara 12, wakachezewa na kusomewa vitabu. Mwishowe waliweza kupambanua sauti za Kichina. Wengine waliwekewa wasemaji wale wale katika televisheni, hawakuvuna kitu. Uchunguzi huo ulihusu sauti tu na watoto wachanga tu, lakini funzo lake ni pana: mtoto mdogo huipokea lugha kwa mtu anayemtazama usoni na kumwitikia.

Kwa hiyo mama anayemwachia mwanawe simu yenye nyimbo za Kiingereza, kisha akaenda zake jikoni, asidhani amemfundisha. Lau angekaa naye robo saa kila siku, wakafungua kitabu cha picha, wakamsikiliza pamoja msomaji hodari aliyerekodiwa, naye mama akauliza kwa Kichina, "Huyu nani? Amefanya nini?", hapo angekuwa mwalimu, japo hajui neno. Na mtoto akimsahihisha mama, mama acheke na kushukuru. Linaloua hamu ya mtoto ni fimbo, kejeli, na kumlinganisha na mtoto wa jirani.

Liko kosa kubwa zaidi, nalo ni mzazi kuiacha lugha yake. Watoto wengi wa China husema nyumbani Kikantoni au lugha nyingine ya kwao, kisha wakakikuta Kichina sanifu skuli. Tayari wamebeba lugha mbili. Mzazi anayejilazimisha kusema Kiingereza cha maneno mia atamfundisha mwanawe majina ya rangi na matunda. Atashindwa kumweleza kwa nini uwongo haufai, au namna bibi yake alivyonusurika na njaa ya mwaka 1960.

Hata hivyo, haitoshi kwa Serikali yoyote kuwaambia wazazi wawajibike, kisha ikanyamaza. Mamilioni ya watoto wa vijijini China wamelelewa na babu na bibi kwa sababu wazazi wao wamekwenda kutafuta kazi mijini. Marufuku ya madarasa humpunguzia gharama mtu wa mjini. Bibi wa kijijini hayampelekei kitabu. Na mwenye fedha hakosi njia ya kumleta mwalimu nyumbani kwa siri.

Sisi wa Visiwani tusiyatazame haya kama sinema. Sera yetu ya Elimu ya mwaka 2006 iliingiza Kiingereza katika kufundishia hisabati na sayansi kuanzia darasa la tano, na tangu hapo hofu ya mzazi wa Kichina imebisha hodi milangoni mwetu pia. Wapo miongoni mwetu wanaojinyima chakula walipe ada za skuli za watoto wadogo, na ilhali hawana robo saa ya kukaa na mtoto jioni.

Twawaomba wenye dhamana ya elimu mambo matatu: kila skuli ya maandalizi iwe na vitabu vya picha ambavyo mtoto ataruhusiwa kwenda navyo nyumbani, wazazi waitwe wafundishwe namna ya kuvitumia, hata wasiojua Kiingereza, na mtoto asiadhibiwe kwa kusema Kiswahili. Wazazi nao twawaomba jambo moja: wakae na watoto wao. Ada hulipwa mara moja kwa muhula, na mtoto hukua kila siku.